Ganti Ambazo Clément Hakuvaa

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida mwaka 1948, mtaani kwetu Kamalondo. Mdogo wangu Clément, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, alikaa uani akichonga sanamu ya Mtakatifu Yosefu kwa ajili ya kanisa letu. Nilimletea ganti, glavu za ngozi kutoka sokoni, zile wanazovaa watu wa tanuru la shaba, ili kisu kisimkate mkono wa kushoto ulioshika mti.

Léonard, fundi aliyemfundisha, alicheka mpaka akakohoa.

"Angalia huyu! Fundi wa kuvaa ganti! Kesho utavaa na nguo ya yaya yako?"

"Yaya, zirudishe," Clément aliniambia, macho chini. "Bantu batanicheka."

Léonard alikuwa mtu wa maneno mengi na kazi kidogo. Watakatifu wake wote walifanana naye, hata Bikira Maria. Padri ananiambia nimsamehe. Ninaomba kila asubuhi, na bado ninamdharau.

Mti ulikuwa mulombwa, aina ya mninga. Mafundi huuchonga mbichi kwa sababu ni laini, na ukikatwa hutoa maji mekundu kama damu. Kwa hiyo wazee kijijini kwetu walifunga mkono kwa ngozi kabla ya kuuchonga, damu ya mtu isikutane na ile ya mti. Léonard aliijua desturi hiyo. Aliiita upuuzi wa washamba.

Jumatano nilimkuta Clément na wekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Umejikata?"

"Hapana, yaya. Iko damu ya muti."

Nilimwosha kwenye beseni. Kiganja kilikuwa kimepasuka mpaka mfupa. Hakikutoa hata tone. Wala hakusikia maumivu.

Nilitazama chini. Vumbi lilikuwa kavu. Sanamu tu ndiyo iliyokuwa imelowa.

Alhamisi midomo yake ilikuwa myeupe. Bado alichonga. Nilimnyang'anya kisu. Mkono wa kushoto haukuachia mti. Nilivuta. Nilisali. Nilivuta tena.

"Haiko mimi, yaya," alinong'ona. "Iko inanishika."

Ijumaa, saa tatu asubuhi, alikufa, na ndipo mkono ukaachia mti.

Wanaume wawili walibeba jeneza lake bila kutoka jasho. Sanamu ilibebwa na sita. Mti mbichi ni mzito, padri alisema, na wote wakaitikia. Léonard alisimama mbali, mlangoni pa kanisa. Alikuwa ameziokota ganti zangu pale uani nilipoziacha, na kuzivaa. Hakuna aliyemcheka.

Baada ya mwezi, Alexis anayefagia kanisa alikuja nyumbani na karatasi iliyokunjwa.

"Mama, nimefagia chini ya Yosefu," alisema kwa sauti ndogo. "Nani anakata kucha kanisani?"

Zilikuwa tano. Kucha za mtu mzima, bado laini.

Nilizichoma, nikasali rozari nzima. Jumamosi iliyofuata alileta nyingine tano.