Chupa ya Chumvi

Kila akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Jicho alikwenda uani kugeuza mahindi kwenye turubai. Jina hilo alipewa na bibi yake, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Waliishi wawili tu. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mbali, na mwaka huo wote sauti yake ilikaa ndani ya simu.

"Mahindi yakiingia stoo nitakuja, mwanangu."

Basi Jicho akawa anahesabu siku.

"Kitendawili!" bibi alisema jioni moja.

"Tega."

"Mgeni wangu nikimfungia ndani na jasho lake, hatoki mzima."

"Mahindi, bibi! Umeshakitega mara kumi."

"Ya kumi na moja ipo njiani. Haya, lete chupa."

Jicho alitia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa, akasubiri kidogo. Chumvi ilinata kwenye kioo. Maana yake mahindi yalikuwa bado na unyevu.

"Imeshika?" bibi akauliza.

Jicho akamfikiria mama. "Haijashika, bibi."

Wakajaza magunia manne, chakula cha mwaka mzima. Mama akapigiwa simu. Akasema ataomba ruhusa, lakini wiki ikapita, ya pili ikaingia, na Jicho akaendelea kula akiutazama mlango.

Siku moja alikwenda stoo kuchota mahindi ya kusaga. Alipozamisha mkono guniani, punje zilikuwa na joto kama paji la uso la mgonjwa. Harufu ya uvundo ikampanda puani. Akarudi kwa bibi mbio.

"Bibi, nilikudanganya. Chumvi ilishika. Nilitaka mama aje."

Bibi akampapasa kichwa. "Ungeniambia umemkumbuka. Hata mimi namkumbuka. Ni mwanangu yule."

Wakampigia mama, naye akafika kesho yake. "Nimepewa ruhusa mpaka mahindi yakauke," alisema. "Sipati hata siku moja zaidi."

Walimwaga magunia yote. Moja lilikuwa limeota ukungu.

"Tuwape kuku?" Jicho akauliza.

"Hata kuku! Ukungu huu ni sumu," mama akajibu. Wakafukia chakula cha miezi mitatu.

Matatu yaliyobaki wakayaanika upya. Jicho na mama waligeuza mahindi pamoja, wakitaniana nani ana mikono ya kobe. Jua liliwaka sana. Jicho akalichukia.

Siku ya nne alitikisa chupa. Chumvi ikateleza yote chini, kioo kikabaki safi. Akisema imeshika, mama atakuwepo kesho, na keshokutwa pia.

"Haya, jicho langu," bibi akauliza, "imeshika?"

Jicho akaiweka chupa chini. "Haijashika, bibi. Yamekauka."

Mama akamkumbatia kwa nguvu, kisha akaenda kukunja nguo zake.

"Leo umesema kweli inayokuuma," bibi akamwambia. "Mahindi ukiyafungia na unyevu yanaoza. Na jambo ukilifungia moyoni, ukaliziba kwa uongo, litaharibu mpaka chakula cha wenzako. Kiambie kinywa chako kiseme mapema."

Kesho yake jioni, mezani palikuwa na sahani mbili tu. Jicho hakuutazama mlango.

"Bibi, nimemkumbuka mama."

"Hata mimi," bibi akasema. "Sogea hapa tule."