Mshono wa Mto

Mkufu wa dhahabu ulipatikana ndani ya mto wa kulalia, chumbani kwa yaya. Koplo aliukata mto katikati kwa kisu, akapekua kwenye pamba, akautoa mkufu ukining'inia kidoleni. Mwenye mkufu, daktari wa hospitali kuu aliyekuwa ameripoti wizi, akageukia ukutani. Mumewe, mhandisi wa mitambo ya simu, alisema neno moja tu: "Kumbe!"

Yaya hakulia. Aliutazama mkufu kana kwamba ndiyo kwanza anauona maishani. Hata alipopakiwa kwenye gari la polisi alikuwa bado ana aproni kiunoni, na mtoto wa nyumba ile anapiga mayowe dirishani.

Kesho yake jalada lilifika mezani kwa Inspekta. Kituoni walimwita Polepole, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kila kitu chake kilichelewa, hata chai aliinywa imeshapoa.

"Hii imeisha, afande," koplo alisema. "Mali tunayo, mtu tunaye. Bado mahakama tu."

"Ungekutwa wewe na mkufu ndani ya mto wako, ungependa niseme imeisha?"

"Mimi siwezi kuiba mkufu, afande!"

"Hata yeye anasema hivyo hivyo."

Inspekta aliuchukua mto kutoka kwenye mfuko wa vielelezo. Koplo alikuwa ameupasua tumboni, kwa hiyo ncha zake zilikuwa nzima. Ncha moja ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya kwa uzi mweusi. Inspekta aliisogeza karibu na taa. Kila pigo la sindano lilikuwa limefungwa fundo lake peke yake, uzi ukakatwa, kisha likaanza pigo jingine.

"Koplo, mkeo akishona shuka, hukata uzi kila akichoma sindano?"

"Ebo! Si tungefilisika kwa nyuzi?"

"Basi niletee yaya."

Alikuja akiwa peku, macho mekundu. Usiku wa mahabusu ulikuwa umemkausha midomo.

"Mto huu ni wako?"

"Wangu."

"Hapa nani ameshona?"

"Mama yangu, nilipokuwa naondoka nyumbani kuja kazini. Lakini alishona kwa uzi mweupe. Huu mweusi siujui."

"Nani huingia chumbani kwako?"

"Mtoto. Akishtuka usiku huja kulala kwangu."

"Na mama yake?"

"Mama yake anachoka, afande. Anatoka hatujaamka, anarudi tumelala, isipokuwa Jumapili."

"Mmegombana?"

"Hata siku moja. Wiki iliyopita mtoto alipoanguka akachanika kidevu, nilijua leo nimekwisha. Hakunigombeza. Alinyamaza tu." Akasita. "Afande, mtoto amekula? Hali mpaka asimuliwe hadithi, na hadithi yenyewe lazima iwe ya sungura."

Inspekta alimwagiza koplo amtafutie viatu.

Alasiri ile alikwenda nyumbani kwa daktari. Mhandisi ndiye aliyefungua mlango, simu sikioni, jasho usoni. "Bosi, nivumilie leo tu," alikuwa anasema. "Sina wa kumwachia mtoto." Nyuma yake sufuria iliungua jikoni, na nguo zilizofuliwa zilikuwa bado zimelundikana kwenye beseni.

Mtoto alikuwa amekaa ngazini. Walimwita Kidoti, alikuwa bado hajaanza shule, na viatu vyake vilikuwa vimevaliwa kushoto kulia.

"Nani amekuvalisha?" Inspekta aliuliza, akijikunja kukaa naye.

"Baba. Hajui."

Plasta ya kidevuni ilikuwa imebanduka nusu. Inspekta akaona nyuzi. Kila mshono ulikuwa na fundo lake, na kila fundo limekatwa na kuachwa na vincha viwili vimesimama.

"Nani alikushona?"

"Mama wa Jumapili."

"Nani huyo?"

"Si mama. Yule wa Jumapili. Mama mwingine alinishika."

"Mama mwingine yuko wapi?"

Kidoti akamtazama jinsi watoto wanavyomtazama mtu mzima mjinga. "Si mmemchukua nyinyi."

Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni. Simu ilikuwa imeshuka mpaka kiunoni, na bosi bado anaongea humo ndani.

"Watoto bwana," alisema. "Yeye huita tu."

"Mkeo anajua kwamba yaya anaitwa mama?"

"Anajua. Siku ya kwanza tulicheka." Akakata simu. "Mimi nilicheka."

Hospitali ilikuwa imefurika. Inspekta aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha vidonda, akatazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Daktari alikuwa anamshona fundi wa bati aliyejikata kiganja. Alichoma, akafunga, akakata. Akachoma, akafunga, akakata. Mikono yake ilikwenda yenyewe, huku mdomo ukimwuliza mgonjwa ana watoto wangapi.

Fundi alipotoka, Inspekta aliingia, akafunga mlango, akauweka mto kwenye meza ya vifaa. Aligeuza tu ile ncha iliyoshonwa ikaelekea juu.

Daktari aliitazama, kisha akavua glovu taratibu.

"Sikuona," alisema. "Nimeshona mwenyewe, na sikuona."

"Si lazima useme neno. Ukisema, nitaandika."

"Andika."

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Siku ile aliyoumia nilikuwa zamu. Nilivitambua viatu vyake kwanza. Nikamwambia mwenzangu aniachie, huyu ni wangu. Nilipomdunga sindano ya ganzi, alipiga kelele: 'Mama! Mama, nishike!' Nikamwambia, 'Mama nipo hapa, mwanangu.' Akanisukuma mkono, akamng'ang'ania yule shingoni. Na yule anamwambia, 'Tulia, mama yupo.' Alikuwa ananionyesha mimi! Ananionyesha mimi kwa kidole, na mtoto hataki hata kunitazama."

"Ulivaa barakoa."

"Nilishaivua, Inspekta."

Nje mtu aliita jina la mgonjwa anayefuata.

"Kwa nini hukumwachisha kazi tu?"

"Mwanangu angemlilia mpaka anakuwa mtu mzima, na mimi ndiye ningekuwa mbaya. Nilitaka yule awe mwizi. Nilidhani mtu hamlilii mwizi."

"Kidoti analia."

"Najua," daktari alisema. Na yeye mwenyewe akaanza kulia, kwa sauti, bila kujificha, mpaka Inspekta akaona haya kushika kalamu.

Jioni yaya aliachiwa. Alitia sahihi, akapewa begi lake. Mto haukurudishwa kwa kuwa ulikuwa kielelezo. Inspekta alimweleza yote, maana alistahili kuyajua. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Angeniambia tu," alisema hatimaye.

"Angekuambia nini?"

"Kwamba inamuuma. Mimi nina mtoto, afande. Nilimwachia mama yangu hajaota hata meno, na baba yake yuko machimboni. Bibi yake ndiye anayemwita mama. Mimi nikienda likizo ananisogezea kiti, ananiita anti." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ningemwelewa kuliko mtu yeyote."

Daktari alikuwa kwenye benchi la ukumbini, koplo kando yake, akisubiri kuandikishwa maelezo ya onyo kwa kutoa taarifa ya uongo. Mhandisi aliingia amembeba Kidoti. Daktari akamwomba Inspekta jambo moja: nyuzi za kidevuni zilitakiwa kutolewa leo, na mkasi anao mkobani. Inspekta aliafiki.

Mtoto alipouona mkasi alirusha mateke. Baba alimshika, akashindwa. Yaya akaweka begi chini, akaja akakaa benchini, akamchukua akampakata. Akamfunika macho kwa kiganja.

"Usifumbue mpaka nikuambie," alisema. "Kulikuwa na sungura mmoja, mvivu huyo..."

Kidoti akatulia. Daktari alipiga magoti kwenye sakafu ya kituo. Akakata fundo la kwanza.

"Mama, inauma."

"Pole, mwanangu," walijibu wote wawili kwa pamoja.

Sungura aliendelea na safari yake mpaka uzi wa mwisho ukatoka. Hapo yaya alimnyanyua mtoto polepole, macho yakiwa bado yamefumbwa, akamweka mikononi mwa mama yake. Akaokota begi. Koplo alimfungulia mlango, kisha akabaki amesimama pale, ametazama nje.

"Nifumbue?" Kidoti aliuliza.

Daktari alimkumbatia kwa nguvu. Aliutazama mlango aliopitia yaya.

"Mama, nifumbue?"