Pipa Halipumui

Hakuna penzi linalochipua mjini Lier, huku Ubelgiji, nisilolijua. Likianza Jumamosi sokoni, Jumapili nimeshalipa jina. La marehemu mume wangu na yule mwuza mikate ndilo lililonipita, nikaja kulisikia kwenye matanga yake. Lakini hili la Veerle nalijua kwa macho na kwa kinywa chake mwenyewe, maana meza yake ya jibini inatazamana na kiti changu.

Siku lilipoanza, Veerle alivaa koti la mvua la manjano na skafu ya kijani, na uso alioukunja mwenyewe. Kengele za mnara wa kanisa zilikuwa zimemaliza kupiga wimbo wa waanika kitani, ule aliolelewa nao, na alikuwa bado anasaga meno. Akaja mteja mrefu, suruali kaibana kwa klipu za baiskeli, vidole vya mwisho vya mikono kavivika vifuko vya ngozi.

"Nikupe nini, kaka?"

"Jibini iliyokomaa, kipande. Na maoni. Wimbo umeuonaje?"

"Ule? Mama yangu huuimba akicheka. Yule mpumbavu wa juu kaupiga kama anazika mtu."

"Mpumbavu ni mimi."

Veerle akakata kipande kikubwa kuliko alichoombwa. "Basi chukua hiki, pole."

"Cha pole sikitaki. Mama yako ataniimbia?"

Ndivyo Gommaar, mpiga kengele wa mnara, alivyoingia nyumba ile ya kando ya mto Nete. Mama Godelieve, kifua kimeshaliwa na maradhi, aliimba akikohoa, Gommaar akiandika noti. Veerle aliweka kahawa na vikeki, akamchokoza: "Kwani kengele zinashindwa nini kucheka?"

"Kila kengele ina huzuni imejificha ndani yake. Ukirundika noti za furaha chini, kwenye kengele nzito, zinagombana na ile huzuni, wimbo wote unachacha. Dawa yake ni kupunguza. Zile nzito naziacha zilie moja moja, maana kengele haina breki. Ukishaigonga, italia mpaka ichoke yenyewe."

"Kama mama."

"Nakusikia, wewe!" Mama Godelieve akaita toka kitandani. "Na wewe kijana, ubeti wa tatu, msichana anapomwita mpenzi wake ng'ambo ya mto, hutaji jina mpaka uvute pumzi. Hivi." Akavuta, akakohoa, akacheka.

Gommaar akapunguza, akapunguza tena, kama mtu amenyaye pea. Wimbo wa Bikira Maria aupendao mama nao akaupanga hivyo hivyo, mwembamba, mtamu. Jumamosi zikawa sikukuu. Ikifika ile pumzi ya ubeti wa tatu, soko zima lilisimama; hata mimi nilisahau chenji yangu. Kisha simu ya Veerle inalia.

"Umesikia, mpenzi?"

"Nimesikia. Umekosea mwanzoni."

"Mwongo!"

"Shuka basi nikuonyeshe ulipokosea."

Akishuka, busu lilikuwa mbele za watu na jibini ikiyeyuka. Wakachumbiana. Mama Godelieve akawaita kitandani. "Mtaoana mimi nikiwa nimelala au nimezikwa, hilo shauri lenu. Nataka kitu kimoja. Siku nitakayotolewa kanisani kwa mlango mkubwa, nipigiwe wimbo wangu kwa mkono. Sitaki pipa."

Pipa ni lile la chuma kule mnarani, limejaa vigingi vilivyochomekwa kwenye mashimo yake. Saa ikifika linazunguka lenyewe, vigingi vinavuta nyundo, mji unapata wimbo bila mtu.

"Pipa halipumui," akasema mama.

Gommaar akaweka kiganja juu ya blanketi lake, akaapa.

Halafu akabadilika. Alianza kutembea mikono mfukoni. Veerle akitaka kumshika, anainama kufunga kamba za viatu. Alivunja kikombe cha kahawa, akakilaumu kikombe. Jumamosi mbili tatu tulipigiwa pipa tupu, akasema ana mafua. Harusi ikasogezwa, ikasogezwa tena. Veerle akafanya hesabu ya wapendao, akapata jibu lao lile lile: mwanamke.

"Ni nani?" akamuuliza kwenye simu.

"Hakuna mtu, laazizi. Kazi nyingi."

"Na hiyo kazi inajipaka nini? Jana ulinukia."

"Mafuta ya mashine."

Veerle akacheka. Simu ilipokatika, akalia.

Mama Godelieve akafariki mwezi wa nane, jua likichoma. Veerle alivaa gauni jeusi la mama yake, lilimpwaya kifuani. Jeneza likavuka mlango mkubwa, kengele zikaanza. Safi, kila noti mahali pake. Ubeti wa tatu ukafika. Veerle akavuta pumzi, nasi sote tukavuta. Kengele zikapita moja kwa moja, wala hazikusita.

Alibaki na ile pumzi kifuani mpaka makaburini.

Walipomaliza kufukia, aliacha wageni na kahawa yao, akapanda mnara na viatu mkononi. Alipofika kwenye kibanda cha mpigaji, simu ikalia.

"Umesikia, mpenzi?"

"Nimesikia. Uko wapi?"

"Bado nimekaa kwenye benchi. Nimempigia mama kwa mikono yangu hii."

Benchi lilikuwa tupu mbele yake, turubai limefunika vijiti vya kupigia. Na sauti ya Gommaar ilimjia mara mbili: sikioni, na kutoka nyuma ya mlango alioupita ngazini. Akashuka, akausukuma.

Gommaar alikuwa sakafuni chini ya pipa, ndani ya suti yake ya msiba. Vigingi vyote vilikuwa vipya, vimekazwa kimoja kimoja. Nati zilizomponyoka zimetapakaa kila mahali. Simu ilikuwa gotini, maana asingeweza kuishika. Mikono ilimrukaruka mapajani kama vifaranga chini ya tenga.

"Pipa lina mashimo yake," akasema bila kuinua macho. "Pumzi ya mama haikuingia."

Veerle akaketi, akaichukua mikono ile, akaifunika kwenye gauni jeusi. Haikutulia.

"Tangu lini, Gommaar?"

"Nini?"

"Mikono."

"Ah, hii? Baridi tu, laazizi. Huku juu kuna baridi."

Jasho likamtoka kidevuni, likadondoka juu ya gauni la mama.