Marashi ya Kijani Aliyojinunulia Valary

"Hii harufu ni ya nani?"

Reath alikuwa bado mlangoni, begi begani, vumbi la Nesitu kwenye kope. Alikuwa amekaa wiki mbili huko kwenye yadi ya malori anayoisimamia, na hiyo ndiyo ikawa salamu yake.

"Ni yangu," Valary akamjibu bila kuinuka kitini. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye kaunta ya benki anakofanya kazi.

"Marashi yako nayajua, ni yale ya waridi. Hii ni kama mtu amefyeka nyasi akalala kwenye udongo. Hii ni ya mwanamume."

"Basi mwanamume huyo ni mimi."

"Usinichezee, Val. Nani amekupa?"

Valary alikuwa amechoka hata kukasirika. Alimpigia Josline, Mganda anayeuza marashi ya kupima pale soko la Custom, akaweka sauti kubwa.

"Josline, mwambie bwanangu ile ya kijani alinunua nani."

"Eh! Si ni wewe mwenyewe? Nilikuonyesha ya maua, ukakataa. Ukasema unataka kitu yenye watu itasikia kama umeingia. Kwani iko shida?"

"Hakuna, dada. Asante."

Reath akashusha begi polepole.

"Maleesh, Val. Nisamehe."

"Siku ya kwanza hata mimi ilinitisha. Asubuhi ilikuwa chungu, kama majani ya nyanya ukiyasugua kiganjani. Nilitaka kuiosha. Kufika saa sita, ikageuka udongo uliolowa, mizizi, na moshi kwa mbali. Mteja mmoja akaniuliza kama mimi ni mgeni hapo benki. Reath, huyo mzee namhudumia kila Ijumaa, mwaka wa tatu sasa! Nikasema, mume wangu akirudi pia ataniona. Wewe ukaona mwanamume."

Reath akaingia, akaketi.

"Na kuna lingine. Nimepewa uhamisho, naenda Kisumu. Nimeshakubali."

"Bila kuniuliza?"

Valary akamsukumia simu, penye jumbe alizomtumia akiwa Nesitu. "Soma."

"Tunaweza kuongea leo?" Jibu la Reath: "Niko bize."

"Nipigie, ni muhimu." Jibu: "Kesho."

Wa tatu ulikuwa neno moja, "Haya," na haukujibiwa.

Reath alisoma, akarudia. Kisha akachukua simu yake, akampigia msaidizi wake.

"Thok, Jumatatu sirudi. Hapana, siumwi. Mke wangu anahama, na mimi nahama naye. Mwambie bosi nitampigia."

"Usifanye hivyo kwa aibu," Valary akasema.

"Aibu ninayo. Lakini na mimi nimechoka, Val. Miaka minne nalala kwenye kontena. Kisumu ndiko nilikokulia, nitaanza na kazi yoyote."

"Leo sina nguvu ya kukuamini."

"Kesho je?"

"Kesho ni Jumapili. Niulize tukitoka kanisani."

Usiku huo walilala wakipeana migongo, kila mmoja akijua mwenzake yuko macho.

Kesho yake, ibada ilipokwisha, Reath hakungoja hata wafike langoni. Alimshika mkono mbele ya akina mama wa kwaya.

"Nimekuja kuuliza."

Valary alimtazama. Macho yake Reath yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, kama yake tu.

"Mimi sitakusubiri tena, Reath. Ukichelewa, naenda bila wewe."

"Sitachelewa."

"Haya. Twende Custom tukanunue masanduku. Mawili."