Sikio Moja la Cucu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Idah alimfunga cucu kitambaa kichwani. Cucu Wangeci, mama wa babu yake, alikuwa na mikono inayotetemeka, hakuweza kupiga fundo mwenyewe. Mama Idah alitoka mapema kwenda sokoni Thika, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Idah. Alikivuta kitambaa mpaka kikafunika masikio yote mawili, kisha akakivuta tena.

Masikio hayo ndiyo yaliyomtesa Idah. La kushoto lilitobolewa na kupanuliwa zamani, kama ilivyokuwa desturi ya Wakikuyu, na sasa ngozi yake ilining'inia karibu na bega. La kulia lilikuwa fupi, lenye kovu nene. Trizah, rafiki yake, aliwahi kuyaona akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo Idah hakumleta mtu nyumbani kwao, mtaa wa Landless.

Basi Mwalimu Muriithi akatangaza kwamba wazee wangealikwa shuleni wasimulie jinsi watu wa huku walivyoishi na wazungu. Trizah akaropoka, "Mwalimu, Idah ako na cucu mzee sana!"

Darasa zima likageuka kumtazama.

"Cucu alifariki," Idah akasema. "Juzi."

Uongo ulimtoka bila hata kubisha hodi. Alidhani mambo yameishia hapo. Alisahau kwamba huku kwetu aliyefiwa haachwi peke yake.

Jumamosi, Idah akiwa nyuma ya nyumba anafua, Mwalimu Muriithi alifika na wanafunzi waliobeba sukari, mkate na maziwa. Trizah alikuwa analia tangu langoni. Aliyewafungulia mlango ni cucu mwenyewe, kichwa wazi.

"Karibuni, watoto. Mbona mnalia? Nani amekufa?"

Wote wakamkodolea yeye macho. Idah akatokea, mikono imejaa povu. Alipowaona, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi, si ndio?" cucu akauliza polepole.

Idah akainamisha kichwa. Cucu hakufoka, na hilo lilimuuma Idah kuliko kiboko. Mzee aliketi, akawaonyesha wageni mahali pa kukaa.

"Baba yangu alikuwa kibarua kwa shamba la kahawa la mzungu, huko Ruiru," alisema. "Karibu kulikuwa na misheni. Nilitamani kusoma, aki! Mwalimu wetu mzungu hakuwa mtu mbaya. Alinipa nguo, akanishika mkono nikaandika jina langu. Lakini alisema masikio haya ni ya gizani, lazima yashonwe ndiyo niendelee. Nikakubali. Wakashona hili la kulia. Nilipofika nyumbani, mama aliligusa akalia kama aliyefiwa. Yeye ndiye aliyenitoboa, akanichagulia shanga. Sikurudi kushonwa lile lingine, na masomo yakaishia hapo. Nikabaki hivi, sikio moja la mzungu, moja la mama."

Akamgeukia Idah. "Nilifikiri waliokuwa wakiyaonea haya walisharudi kwao. Kumbe mmoja ndiye hunifunga kitambaa."

Idah alipiga magoti akalia kwa sauti. "Nisamehe, cucu. Nilidanganya." Trizah naye akaomba msamaha kwa kicheko chake. Cucu aliwapangusa machozi wote wawili, kisha akaagiza maziwa yale yapikiwe chai.

Mwalimu Muriithi alisubiri kilio kitulie. "Wageni walileta vitabu na dawa, na bado tunavitumia," alisema. "Lakini walituachia pia aibu ya kujitazama wenyewe, na siku hizi tunafundishana aibu hiyo bila wao. Idah, umemzika mtu aliye hai kwa sababu ya ngozi ya sikio. Wewe ulisema neno moja tu, lakini yeye ndiye atakayekaa nalo. Sema ukweli kuhusu watu wako, hata wakichekwa."

Jumatatu asubuhi Idah alikifunga kitambaa nyuma ya masikio, yakaonekana yote mawili. Mikono ya cucu inayotetemeka ikapanda, ikakivuta kitambaa chini mpaka yakafunikwa.

"Bado, mama," alisema. "Kesho ujaribu tena."