Dume Aliyezidi Umri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sylivia wa Karambi alimlisha dume wao wa ng'ombe maganda ya ndizi. Walimwita Mafuriko, kwani alizaliwa wiki ile mto Nyamwamba ulipofurika na kusomba nyumba za Kasese.

Asubuhi hiyo hakwenda shule. Mama yake alikuwa hoi hospitalini akisubiri upasuaji, na nyumbani hapakubaki kitu kingine cha kuuza.

“Leo usimwite kwa jina,” Jonan, baba yake, alimwonya njiani kwenda mnadani Bwera. “Mnunuzi anataka ng'ombe wasiozidi miezi thelathini. Huyu ana miaka mitatu, ila meno yake, yanayopimiwa umri, yamechelewa kuota. Tukinyamaza atapita.”

“Lakini baba, huo si uongo?”

“Unataka mama yako afe?”

Sylivia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Fidèle, mnunuzi kutoka Butembo ng'ambo ya mpaka, alimzunguka dume akaridhika. “Ngombe iko muzuri. Daktari aangalie meno.”

Proscovia, daktari wa mifugo, alipomshika mdomo, dume alirusha kichwa. Kamba ikamponyoka Jonan. Dume akambana daktari kwenye uzio, watu wakatawanyika. Sylivia alijua jina la dume tu ndilo lingemtuliza. Alimfikiria mama, machozi yakamtoka.

“Mafuriko! Tulia, Mafuriko.”

Dume akatulia. Watu wakamgeukia Jonan, maana nani Kasese nzima aliyesahau mwaka ule wa mafuriko, miaka mitatu iliyopita?

“Siwezi kubeba hii ngombe,” Fidèle alisema. “Kama moja tu imepitisha umri, kule ng'ambo banarudisha nyama yote, na sisi bote tunakosa soko.”

Jonan alikaa matopeni akalia mbele ya watu. “Mke wangu anakufa,” alisema. Sylivia alijiona ndiye aliyemuua mama.

Proscovia alijipangusa vumbi. “Mbona hukuniambia shida yako mapema, mzee? Sharti la umri ni la nyama inayokwenda nje. Wachinjaji wa hapa wanauliza afya tu, na afya ya huyu mbavu zangu zimeiona.”

Akamwita Muniru, mchinjaji wa Bwera, naye akamnunua dume kwa bei ya chini kidogo. Ilitosha. Mama alipasuliwa kesho yake, akapona.

Kando ya kitanda chake, Jonan alimshika binti yake mkono. “Uongo wangu ungewaharibia soko wafugaji wote, na kulificha jina la dume kungemuua daktari. Mwanangu, siku nyingine nikikuambia udanganye, hata kama nalia, usinisikilize.”