Masikio ya Ukoo

Kituo kikuu cha treni asubuhi ya Jumatatu hakina adabu. Mtu anakukanyaga, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeweka mguu vibaya, kisha anaenda zake. Katikati ya vurugu hiyo, chini ya ngazi, kulikuwa na kibanda cha vioo, na ndani yake mwanamke mwenye aproni ya ngozi na kilemba cha manjano akichonga funguo. Masikioni alining'iniza funguo mbili ndogo za makufuli ya zamani. Watu walimwita Fundi, naye hakuwa na haja ya jina jingine.

"Dada, nisaidie," akasema mwanamume mmoja akihema. Alivaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya grisi. "Nimejifungia nje, na birika nimeliacha motoni."

"Mlango wa nani?"

"Si nimekwambia? Wangu!"

"Kila mwizi husema hivyo, kaka yangu. Mimi sifungui mlango wa mtu mpaka mwenyewe aniambie. Nani anakujua?"

"Jirani wa chini, mzee mmoja mkorofi. Lakini dada, birika!"

Wakaenda mbiombio. Mzee mkorofi akachungulia dirishani, akamtazama jamaa kwa kinyaa, akasema ndiyo, ni yeye, kwa bahati mbaya. Ndipo Fundi alipotoa vifaa vyake, akapiga goti, kitasa kikasalimu amri. Moshi uliwapokea mlangoni. Birika lilikuwa limeungua hadi mkono wake umeyeyuka.

"Unafanya kazi gani?" akauliza Fundi, akifungua dirisha.

"Nawatoa watu waliokwama kwenye lifti."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo akamwita Lifti.

Wiki ile Lifti alirudi kibandani mara tatu, kila mara akichongesha ufunguo wa mlango uleule, na mtu mwenyewe anaishi peke yake. Mara ya tatu aliegemea dirisha na kulainisha sauti.

"Fundi, kuna mlango mmoja umenishinda. Uko hapa kifuani..."

"Ishia hapohapo! Ukisema ufunguo wa moyo nakufukuza. Leo wewe ni wa nne."

"Basi nikusindikize ukifunga?"

"Hilo sawa." Akamtazama upande. "Una masikio mazuri wewe. Madogo, yamelala. Yanasikia lakini?"

"Sauti yako tu, mpenzi."

Ndivyo mambo yalivyoanza, na yalikwenda mbio kuliko lifti yoyote aliyowahi kutengeneza. Walipanga harusi, lakini mtoto akatangulia. Alizaliwa binti mnene mwenye kukunja uso, anayetoa amri usiku na mchana, wakamwita Bosi. Lifti alimbeba nyumba nzima kama mtu aliyeshinda kombe.

Hapo ndipo shangazi yake Lifti alipofika kumtazama mtoto. Shangazi alikuwa dada pekee wa baba yake, mwanamke wa mikufu miwili shingoni na maoni juu ya kila kitu. Alimfunua Bosi kofia, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia.

"Masikio ya kwetu yako wapi?"

"Shangazi, mtoto ana wiki tatu," akasema Lifti.

"Hata angekuwa na saa tatu! Baba yako anayo, mdogo wako anayo, mimi hapa ninayo." Akavuta pete zake kubwa ili yaonekane, na kweli yalikuwa yamesimama kama vipini vya kikombe. "Wewe ulifuata kwa mama yako, sawa. Lakini huyu? Mtoto apimwe vinasaba kabla ya harusi. Siku hizi hakuna kubahatisha. Ni mate kidogo tu kwenye pamba."

"Sipimi," akasema Fundi.

Hakupandisha sauti. Alimchukua mtoto, akamfunika kofia, akaanza kumnyonyesha.

Lifti alimtetea, alimtetea sana. Lakini neno likishaingia sikioni, hata sikio dogo, linatafuta pa kukaa. Na siku chache baadaye simu ya Fundi ililia akiwa bafuni. Lifti akachungulia kioo cha simu: *Maabara ya Vinasaba*. Ikalia, ikakatika. Fundi alipotoka alitazama simu, akaibana kifuani, akatoka nje nayo, akafunga mlango nyuma yake.

"Nani alikupigia?" Lifti akamuuliza aliporudi.

"Mteja."

Jamani, uongo ni kitu kidogo, lakini mahali pake hapajazwi na kitu kingine. Jioni yake Lifti alimpigia akiwa kazini, amekaa juu ya paa la lifti, giza limemzunguka.

"Fundi. Umeshampima Bosi?"

"Nini?"

"Niliona simu ya maabara. Umempima kimyakimya, umejua majibu, ndiyo maana mbele ya watu unasema hutaki. Niambie tu. Mimi si mtoto."

Fundi alikuwa na jibu mdomoni, jibu ambalo lingemwaibisha mwanamume yule palepale. Lakini halikuwa lake peke yake.

"Umemaliza?" akasema.

"Nijibu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Mpenzi wako umemwacha chini kwenye zile nyaya zako. Kamtafute."

Akakata. Akafunga virago, akambeba Bosi, akarudi kwa mama yake.

Jibu lenyewe lilikuwa hili. Mwaka mmoja kabla, ghala moja la bidhaa upande wa viwandani liliteketea, na kaka yake Fundi, mpakiaji mizigo, alikuwa zamu. Walioungua hawakutambulika. Mama yao aliapa kwamba mwanawe hakuwemo, ametoroka tu, kijana mtundu yule, atarudi. Kila jioni alimwekea sahani mezani na kuifunika. Ole wake atakayetaja kifo mbele ya sahani ile! Fundi alikwenda maabara peke yake, akafungua mdomo, wakampangusa mate ndani ya shavu. Alijiapiza kwamba hatamwambia mtu yeyote, hata Lifti, mpaka ijulikane, kwa sababu siri ya msiba ikiwa na midomo miwili mama angeisikia sokoni.

Majibu yalitoka. Alikuwemo.

Fundi alikaa karibu na mama yake, akamshika mikono, akamwambia. Mama alipiga kelele moja. Kisha akainuka, akaifunua ile sahani, akaiosha taratibu, akaifuta, akaiweka kabatini. "Nipelekeni kwa mwanangu," akasema. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu moto ule, alilala usingizi mzito.

Lifti alipata habari kwa muuza magazeti wa kituoni, aliyemwambia kwa ukali: "Unamtafuta Fundi hapa? Mwenzako anamzika kaka yake!" Alifika makaburini na ovaroli yake ileile, akasimama nyuma ya watu. Walipoanza kutawanyika alimfuata.

"Ilikuwa simu ya hii habari."

"Ilikuwa hiyo."

"Mimi ni mpumbavu."

"Mkubwa," akasema Fundi, macho yamevimba. "Tena mwenye leseni."

"Nisamehe, mpenzi wangu. Nilipaswa kuuliza nikiwa nimekaa karibu yako, nikauliza nikiwa nimekaa juu ya lifti."

Fundi alimwacha amshike mkono. Alikuwa amemkumbuka mpaka mwili ulimuuma, na hakuona sababu ya kuficha. Walitembea hivyo hadi getini, Bosi begani mwa baba yake, ndipo Lifti akaharibu tena.

"Jumapili wazee wanataka kikao. Si bora tupime tu, tuwafunge midomo? Sasa umeona kipimo chenyewe hakina ubaya."

Fundi akasimama.

"Sikiliza, Lifti. Kipimo nakiheshimu kuliko huyo shangazi yako. Kimenirudishia kaka yangu, kimemrudishia mama yangu usingizi. Kilimtafuta mtu aliyepotea. Bosi amepotea? Si huyu hapa, anakutemea maziwa begani? Hamtaki kumtafuta nyinyi. Mnataka kumfukuza, mnatafuta kisingizio."

Lifti akatazama bega lake. Kweli, lilikuwa limelowa.

Jumapili alasiri sebule ya wakwe ilijaa. Baba mkwe alikaa kwenye kochi lake, mzee mpole, masikio yamesimama. Kando yake mdogo wake Lifti, masikio vilevile. Shangazi alivaa gauni la zambarau, pete kubwa kuliko za siku ile. Mama mkwe, mwanamke mwembamba wa maneno machache, alizunguka akimimina chai. Tangu mwanzo hakumpenda Fundi. Alimwona ana ulimi, na mikono yake inanuka chuma.

Fundi aliingia na kilemba chake cha manjano, Bosi mgongoni, funguo zikicheza masikioni.

"Bibi harusi mtarajiwa," akaanza Shangazi, "hapa hakuna anayekuchukia. Tunataka ukweli tu. Mwenye mali yake haogopi mizani."

"Siogopi, shangazi."

"Basi pima!"

Hasira ikampanda Fundi hadi utosini. "Haya! Tupime. Lakini kwa nini mimi na mwanangu tu? Ukweli ukiwa mtamu hivyo, tugawane. Tupange foleni ukoo mzima. Baba, mama, wewe shangazi, mashemeji, Lifti, wote tufungue midomo tupanguswe mate. Kesho asubuhi!"

Baba mkwe akacheka, akapiga paja. "Huyu ndiye mkwe! Mimi niko tayari. Wote!"

"Wote!" akaitikia Shangazi. "Naweka miadi sasa hivi." Akatoa simu.

Kikombe kikagonga kisahani, kikagonga tena, kikaendelea kugonga. Fundi akageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama na sinia. Hakumtazama mume wake wala Shangazi. Alimtazama Lifti, na masikio yake madogo yaliyolala. Kisha akamwinulia Fundi macho, na macho yale yaliomba.

Fundi akaelewa. *Kwa mama yake*, walisema siku zote, amefuata kwa mama yake. Kumbe hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu upande wa baba. Shangazi alikuwa tayari ameweka simu sikioni.

Angeweza kukaa kimya. Kesho yake angetoka maabara safi kama theluji, na Shangazi angemeza ulimi. Alichopaswa kufanya ni kutofanya kitu. Lakini mzee yule angekwenda wapi na kicheko chake? Na Lifti?

"Kata simu, shangazi," akasema. "Nimebadili mawazo. Sipimi mimi, na hapimwi mtu."

"Aaah!" Shangazi akainuka na mikufu yake. "Mmesikia? Mmeona wenyewe? Alidhani tutaogopa, tulipokubali karudi nyuma. Mwizi kajitaja!"

Fundi hakujitetea. Neno lolote la kujitetea lingekuwa tochi, nayo ingemulika pasipotakiwa. Akamgeukia Lifti, na humo chumbani hakumtazama mwingine. *Haya, mwanamume. Sasa huna simu, huna karatasi, huna majibu. Unanijua au hunijui?*

Lifti alimtazama. Hakuelewa kitu, ilionekana dhahiri. Kisha akainuka, akamfungua Bosi mgongoni mwa mama yake, akampakata.

"Shangazi, kaa chini. Fundi akisema hapimi, ana sababu, na sababu yake naiamini kabla sijaijua. Siku moja nilimwuliza kama hakimu, nikamkuta makaburini. Sirudii. Huyu ni mwanangu. Akikua na masikio ya sungura, wangu. Asipokuwa na masikio kabisa, wangu."

"Mwanangu, watu watasema..."

"Waseme! Fundi, utaolewa nami Jumamosi ijayo? Mwenye masikio aje, asiye nayo aje, chakula kitakuwepo."

"Unaniposa mbele ya shangazi yako amesimama?"

"Amekataa kukaa, nifanyeje?"

"Nakubali," akasema Fundi, akicheka na kulia pamoja. "Pumbavu wewe. Nakubali."

Shangazi alifungua mdomo. Lakini mama mkwe aliweka sinia mezani, kwa kishindo.

"Wifi, basi," akasema. "Miaka yote umesema ndani ya nyumba hii, nami nimenyamaza. Leo basi. Mtoto ni wetu."

Hakuna aliyewahi kumsikia akiongea hivyo. Baba mkwe mwenyewe aliacha kunywa chai.

Siku mbili kabla ya harusi, kituoni watu wakisukumana kama kawaida yao, mama mkwe alisimama mbele ya kibanda cha vioo. Alitoa ufunguo mkobani, akauweka dirishani.

"Nichongee mwingine kama huu."

"Mlango wa nani, mama?"

"Wa nyumbani kwangu. Huo mpya ni wako."

Fundi akaubana kwenye mashine. Chuma kikalia, cheche zikaruka. Alipokuwa akiusugua kwa tupa, mama mkwe aliinamia dirisha, sauti ikawa ndogo kabisa.

"Utamwambia?"

Fundi aliupuliza ufunguo vumbi. Hakupenda kumficha Lifti jambo. Alishaona simu moja iliyofichwa ilizaa nini. Lakini alijua pia siri hii ni ya nani.

"Mama, mimi sifungui mlango wa mtu mpaka mwenyewe aniambie. Ila na yeye ni mwenye nyumba. Siku akibisha hodi akauliza, usimwambie hakuna mtu ndani. Utamfungulia wewe mwenyewe."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, mara moja, machozi yakimdondoka dirishani.

Simu ikalia. Kioo kiliandika *Lifti*. Fundi akaipokea palepale, mbele ya mama mkwe, sauti juu.

"Mpenzi, fanya haraka," Lifti alikuwa akipiga kelele. "Nimejifungia nje tena. Na Bosi yuko ndani na mama yako, amekataa kunifungulia mpaka uje, wanachungulia dirishani wananicheka!"

"Funguo tatu nilizokuchongea ziko wapi?"

"Zote ziko mezani!"

Mama mkwe akaangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho Fundi hakukijua. Akauchukua ufunguo wake mpya, ungali wa moto, akauweka kiganjani mwa Fundi, akamfunga vidole.

"Twende tukamfungulie," akasema.